Truphena Kageha na Timu Iliyobadili Jina

Wapendwa mliofika hapa Kegoye, familia imeniomba niwasomee safari ya mama Lorine.

Marehemu Truphena Kageha alizaliwa tarehe 14 Machi 1982, mtoto wa tatu wa mzee Elijah na mama Hannah, akasoma hapa hapa hadi darasa la nane mwaka 1997, kisha akajifunza ushonaji Mbale, ambako mwalimu wake alikuwa akisema mkono wake ni mwepesi kuliko mdomo wake. Alifunga ndoa na Jeremiah tarehe 6 Desemba 2003, wakajaliwa binti mmoja, Lorine.

Tarehe 9 Februari 2022 alikwenda Riyadh, akaishi Al-Shumaisi, akiwa fundi wa jezi wa timu ya kulipwa ya besiboli iliyoitwa Tai wa Najd. Mwaka uliofuata timu ikapata mmiliki mpya, ikawa Upanga wa Riyadh, na Agosti 2024 ikahamia Jeddah, ikawa Mawimbi. Kila mara Truphena alifumua jina la zamani kwa wembe na kushona jipya juu ya jezi zile zile, na kila mara mafundi wengine walirudishwa makwao, hata akabaki peke yake. Hofu ikamwingia. Kadi yake ya ikama, yaani kibali cha kuishi kule, bado ilimtaja kafili, mdhamini wake wa kazi, wa Tai, timu ambayo haikuwapo tena, naye hakuthubutu kuuliza ofisini, asije akawakumbusha kwamba bado yupo. Alikwepa kila barabara yenye polisi, na maumivu ya kifua yalipoanza Januari mwaka huu, alimwambia Lorine kwa simu kwamba ni mafua tu, maana hospitali wangemwitisha ikama. Mficha maradhi kilio humfichua.

Tarehe 3 Mei 2025 alianguka akiwa kwenye cherehani. Nunu, jirani yake wa mtaa wa Balad kule Jeddah, mwenye asili ya Unguja, akampeleka hospitali kwa teksi, na karani wa pale akatazama kompyuta, akasema ikama ni halali, kafili alishabadilishwa zamani, ni kadi tu ambayo haikuchapishwa upya. Truphena alisikia. Nunu anasema alilia sana, akauliza kama miezi yote ile angeweza kuja. Alifariki alfajiri ya tarehe 5 Mei.

Familia inawashukuru madaktari waliompigania, Nunu na majirani wa Balad, na wachezaji waliosindikiza jeneza hadi uwanja wa ndege. Timu hiyo inabadili jina tena, nayo imemwita Lorine ashike cherehani ya mama yake, na Jumapili anaondoka. Tunaogopa, hatufichi. Lorine mwanetu, ukiumwa, nenda hospitali.

Mama Lorine, pumzika sasa kwa amani ya Bwana.