Simu ya Mwalimu Marcellin

Mwaka 2003, wakati wa vita, kwenye kamioneti iliyotoka Bunia, Anastasie alibana kapu lake la samaki wakavu huku abiria aliyeketi kando yake, mwalimu Marcellin, akimwonyesha simu mpya. "Mama, hii inatuokoa. Mbele ya kutoka, napigia Marabo, naulizia kama njia iko muzuri."

"Unapigiaka nani, mwalimu?"

"Komanda wa bariere. Kule ni yeye tu iko na telefone."

"Na yeye anakuulizaka nini?"

"Majina ya watu na mizigo yao. Ndiyo nilikuuliza jina kule parking. Ni mutu wa adabu sana."

Gari likasimama kwenye kizuizi cha barabarani cha Marabo. Kijana mwenye bunduki akawapita abiria wengine, akainama kwa upole. "Karibu, Mama Anastasie. Tunakungojea tangu asubui."