Generosa Limi Maige, Aliyepeleka Disketi Mpakani (1958–1998)

Marehemu Generosa alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Ushetu, mtoto wa tatu wa mkulima wa tumbaku. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972, kisha akasomea uchapaji Tabora. Mwaka 1981 alifunga ndoa na Athanas Ngassa, dereva wa lori.

Mwaka 1993 aliajiriwa Isaka, katika ofisi ya nyaraka za mizigo iendayo nchi jirani. Kompyuta ilipoletwa, aliifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, akisema mgeni hapigwi vumbi.

Kompyuta ya nchi jirani haikuweza kufungua disketi za Isaka zilizobeba nyaraka hizo. Wakubwa wa pande mbili walishatia saini makubaliano ya kuunganisha mifumo, wakala pilau, wakapiga picha, wakaondoka. Hakuna kilichounganishwa. Inatia kinyaa hata kuliandika hili kwenye karatasi ya msiba.

Julai 1997, dripu za wagonjwa wa kipindupindu zilizuiliwa mpakani siku tisa kwa sababu hiyo.

“Mama Rebeka, tusubiri mfumo,” mkuu wake alimwambia.

“Bosi, mwenye kipindupindu hasubiri mfumo.”

Alichukua disketi na nakala za karatasi, akapanda lori hadi mpakani. Alimsomea karani wa upande wa pili, Bwana Donatus, mstari kwa mstari, naye akachapa upya yote hadi jioni. Dripu zikavuka. Aliporudi alikuta barua ya onyo kwa kuondoka kazini bila ruhusa. Haijafutwa hadi leo.

Aliugua saratani ya titi tangu Januari, akafariki tarehe 9 Novemba 1998. Ofisi imeleta shada lililoandikwa “Mwanzilishi wa Ushirikiano”. Watu hawa hawana haya. Familia imelipokea kwa adabu na kuliacha nje ya geti.

Ameacha mume, watoto wawili, Rebeka na Bartholomeo, na mjukuu mmoja.

Mistari hii imeongezwa kwa kalamu asubuhi ya maziko. Bwana Donatus amepiga simu kutoka mpakani. Yuko hapo tangu jana na wenzake wanne. Mashine ya upande wetu imekataa namba ya gari lao. Ameuliza kama tunaweza kumsubiri. Tumesubiri tangu saa tatu, na Padri ana maziko mengine. Tunamzika bila yeye.

Apumzike Generosa, kwa amani aliyonyimwa kazini.