Mwalimu Kathembo na Neno "Apumzike"

Wapendwa waombolezaji, mliotoka Kasese, Kyondo na ng'ambo ya mpaka, familia inaomba usikivu wenu iwasomee maisha ya mzee wetu, Mwalimu David Kathembo, ambaye kama angekuwa amekaa kati yenu sasa hivi, angekuwa ameshatusahihisha.

Alizaliwa Kyondo tarehe 14 Machi 1951, akasoma shule ya msingi hapo hapo, na mwaka 1966 akavuka mpaka kwenda Kongo, seminari ndogo karibu na Butembo, ambako upadri haukumpata, Kilatini kikampata.

Kuanzia Februari 1975 alifundisha sekondari hapa Bwera, na Kilatini kilipoondolewa kwenye ratiba mwaka 1993 alikataa katakata kukizika, akawa anakifundisha barazani kwake kila Jumamosi, akimweleza yeyote apitaye kwamba meza tunayolia ugali wetu wa bundu, na hata divai ya misa, ni maneno ya Kilatini, yaliyopitia kwa Wareno na Wafaransa kabla ya kufika midomoni mwetu.

Tarehe 3 Januari 1981, mjini Beni, alifunga ndoa na Mama Esperance, wakajaliwa watoto watatu, Marlène, Danieri na Ronah.

Neno lililomkosesha usingizi ni la misibani. Alisema R.I.P. ya misalabani asili yake si Kiingereza, ni requiescat in pace, yaani apumzike kwa amani, ombi kwa Mungu, wala siyo amri ya afande kwa maiti; ndiyo maana mwaka 2009, kwenye maziko ya mama yake, alimlazimisha Tsongo, mwandika misalaba, kukwangua "pumzika" na kuandika "apumzike", sisi sote tukinyeshewa. Akatuapisha kwamba siku yake tusikosee.

Aliugua figo Juni 2024, akaendelea kufundisha akiwa kitandani, hadi Jumapili tarehe 9 Februari 2025, alipofariki hospitalini Kasese, na inatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, walimu wenzake, na Tsongo, ambaye safari hii ameandika sawasawa.

Mwalimu, familia imetii, msalabani pameandikwa apumzike kwa amani. Ila Mama Esperance, aliyekusihi upumzike miaka arobaini na minne bila kusikilizwa, ameomba ruhusa akuamuru leo, mara moja tu, kwa Kiswahili chake cha Beni: Baba Marlène, sasa pumuzika kwa amani.