Nyumba Iliyopakwa Rangi Miaka Thelathini

Wakwe zetu mliotoka Kabianga, wachungaji, majirani wa Londiani, na nyinyi wa nyuma mnaotazama masufuria, chakula kipo cha kutosha, tulieni. Naitwa Gachanja, mdogo wa marehemu, na kazi hii ya kusoma nimepewa mimi kwa sababu nyumba yangu, kama mtakavyosikia, inahusika.

Ndugu yetu Muchiri alizaliwa tarehe 9 Aprili 1964, hapa Londiani, kifungua mimba wa mpasua mbao, akasoma shule ya msingi hapa hapa hadi darasa la saba mwaka wa 1978, akaacha kwa kukosa karo, lakini hakuacha kamwe kuwasahihisha waliosoma. Mwaka wa 1983 alianza biashara ya viazi, akivipeleka Kericho, na huko sokoni ndiko alikokutana na Chepkurui, binti ya Mzee Johana, mkulima wa majani chai.

Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994. Siku ya mahari Mzee Johana, ambaye naye ametangulia, aliuliza jambo moja tu, kama nyumba inavuja, na ndugu yangu, ambaye hakuwa ameulizwa zaidi ya hapo, akasimama mbele ya wazee akaahidi sakafu ya vigae. Mungu aliwajalia watoto wawili, Mwihaki na Steve, vigae hakujalia. Ndiyo maana kila mlipokuja, wakwe zetu, mlipokelewa kwangu hapo jirani, mkaambiwa kwa Muchiri panapakwa rangi. Vikombe vyangu mlivyovunja sitavitaja leo.

Marehemu alikuwa mtu wa bima. Harambee za hospitali zilimchosha, alisema hiyo ni bima ya mtu mwenye marafiki, na mgonjwa hafai kupigiwa kura kwanza ndipo atibiwe. Bima ya zamani ilipoondolewa ikaja mpya, alizunguka kwenye mahoteli akiwaeleza watu waliotaka tu kunywa chai kwamba mwenye nguvu atachangia zaidi, mnyonge kidogo, na wote walale wodi moja, ila mkulima hana mshahara wa kukatwa, kwa hivyo lazima aulizwe anaishi vipi, na ajibu ukweli. Hapo kwa ukweli alisisitiza sana.

Basi tarehe 21 Novemba 2024 tukaenda kusajiliwa kwa chifu, hadharani, na shemeji yetu Weldon, ndugu ya Chepkurui, aliyekuwa amekuja kutafuta mbegu ya viazi, akasimama nyuma ya ndugu yangu kwenye foleni. Karani akauliza sakafu ni ya nini. Ndugu yangu akamtazama Weldon, akasema ni ya vigae, kisha akataja ng'ombe wa gredi, ambao ni wangu, na tangi la maji, langu, na choo cha ndani, changu pia. Nilipofika mbele na kutaja mali yangu, karani aliniuliza kama tunaishi nyumba moja.

Akawekewa mchango wa tajiri, wa mwaka mzima, ulipwe kwa mkupuo. Chepkurui alimsihi arudi arekebishe, akakataa, kwa sababu karani anasali kanisa moja na Weldon, akaona heri arekebishe nyumba kuliko kurekebisha jibu. Januari 2025 aliuza viazi lori zima, akalipa bima, na kilichobaki akanunua vigae, akaanzia mlangoni. Jambo hilo lilinikera, na bado linanikera, lakini lilimfaa, kwa maana mwezi wa Julai figo zilikataa kazi, na alipofikishwa Kericho kusafishwa damu, bima yake ilikuwa hai, huku wengi waliosema ukweli siku ile wakiwa bado hawajalipa. Kitandani pale aliwaeleza wagonjwa wenzake kwamba bima haiwezi kusimama bila matajiri kama yeye.

Alituaga tarehe 2 Desemba 2025, alfajiri, vigae vikiwa vimefika katikati ya sebule, na pazia likificha kwingine.

Siku mbili baadaye Weldon alikuja kutusaidia na mipango, na kabla sijamshika mkono nimlete kwangu, akaingia kwa marehemu, akavuta pazia. Niliona aibu mpaka nikatazama ukuta. Weldon alitazama chini, akatazama juu, akasema Mzee Johana hadi siku ya mwisho alikuwa akiuliza kama nyumba ya binti yake inavuja, vigae hakuwahi kuvitaja, akamuuliza Chepkurui kama imewahi kuvuja. Chepkurui akamjibu kwamba haijavuja hata tone. Kesho yake Weldon akarudi na fundi na maboksi ya vigae, na leo asubuhi jeneza lilikaa kwenye sakafu iliyokamilika ukuta hadi ukuta, nanyi mkapita hapo na viatu vyenu vya matope.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kericho, majirani, wafanyabiashara wa viazi, na kila aliyelipa bima yake mwaka huu, kwa maana mlimtibu bila kumjua, naye, kwa choo changu, aliwatibu nyinyi.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Wakwe wameingia kwako, na rangi imekauka.