Mwalimu Aneth Pazi na Darasa Aliloondolewa

Marehemu Mwalimu Aneth Sikudhani Pazi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1959 huko Masaki, wilayani Kisarawe, mtoto wa tatu wa Mzee Pazi na Bi Mwanahalima, wakulima wa mihogo na korosho, Waislamu tangu enzi za mababu. Wao walimwita Sikudhani.

Akiwa na miaka saba alichukua mayai ya bata wa jirani akayaficha uvunguni. Mama yake alimkuta amejikunyata, chakula hakimpiti.

"Nani amekuona?"

"Hakuna, mama."

"Mbona unatetemeka? Mungu amekwambia mwenyewe. Nenda karudishe."

Alisoma shule ya msingi hapohapo Kisarawe, 1967 hadi 1973, na mwaka 1976 akachaguliwa kwenda mafunzo ya ualimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Mwaka 1989 alihamishiwa Kibaha, akafundisha hadi alipostaafu 2019. Wapo watu wazima pale Maili Moja wenye mwandiko mzuri kwa sababu aliwarudishia madaftari mpaka wakakoma kulipua kazi.

Juni 1983 alibatizwa kwa jina la Aneth, na mwezi huohuo akafunga ndoa na Mzee Adamu, fundi seremala, aliyetangulia mwaka 2011. Bi Mwanahalima alikaa benchi la mbele na ushungi wake, akapiga vigelegele kuliko wote. Wakajenga Mkuza, Kibaha, wakajaliwa watoto wawili.

Kwa miaka ishirini na miwili marehemu alifundisha darasa la kipaimara katika usharika huu. Kisa cha mayai alikisimulia kila mwaka. Aliwaambia vijana kwamba Mungu hakumwacha mtu yeyote bila habari zake; ameziweka moyoni, hata mwa asiyewahi kusikia mahubiri.

Machi 2016 Bi Mwanahalima alifariki, akazikwa Kisarawe kwa taratibu za dini yake. Siku ya nne Mwinjilisti Tito alikuja Mkuza kumpa pole Mwalimu Aneth. Huyu aliishi kwa Mwalimu miaka mitatu akisoma, akila chungu kimoja na watoto wake. Alimuuliza, "Mama, unadhani Bibi yuko wapi?"

Marehemu alimjibu kama mama anavyomjibu mwanawe. "Mama yangu alimjua Mungu kabla mimi sijabatizwa. Yuko wapi, hilo namwachia Mungu."

Baada ya wiki tatu aliitwa mbele ya wazee wa kanisa. Tito alitoa karatasi, akasoma maneno yale, ila sentensi ya mwisho aliiacha. Kisha akauliza, "Kama kila mtu anamjua Mungu tayari, Yesu alikuja kufanya nini?"

"Kujua kwamba Mungu yupo si sawa na kumwita Baba," marehemu alisema. "La pili nimelipata kwa Yesu. La kwanza nilifundishwa na mama. Nimkane?"

Wazee wakamwondoa darasa la kipaimara. Jumapili ikatangazwa kwamba Mwalimu Aneth ameomba kupumzika kwa sababu za afya. Alikuwa amekaa benchi la tatu, mzima wa afya. Hakunyanyuka. Alipofika nyumbani alimwambia binti yake, "Angenibishia mbele ya darasa ningefurahi. Amekuja kunipa pole, mwanangu, kumbe amekuja kuchukua maneno."

Hakuacha kanisa. Alihama tu benchi, akawa anakaa la mwisho.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa Kibaha na Dar es Salaam. Februari mwaka huu Tito alimtembelea, akalia, akaomba radhi. Marehemu alisema, "Nimekusamehe. Sasa kawaambie waliotangaziwa." Tito akaahidi. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, akiwa bado anasubiri.

Tuliombwa tuandike kwamba aliacha huduma kwa sababu za afya. Hatukuandika, kwa kuwa mwaka 2016 hakuwa mgonjwa. Mwinjilisti Tito yupo nasi hapa. Katika ratiba, baada ya wasifu huu na kabla ya wimbo, tumeacha dakika tano. Akisimama, tutamsikiliza.

Marehemu ameacha watoto wawili, Tunu na Jumbe, wajukuu watano, kaka yake Badru na dada yake Faudhia, waliofika alfajiri kutoka Kisarawe na kuomba dua kwa namna yao.

Mwalimu Aneth, pumzika. Bwana akupe amani uliyoikosa kwetu.