Mama Umezima

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu kati ya sita. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1967.

Mwaka 1976 aliolewa na baba yetu, fundi umeme. Baba alipenda kuwaambia wageni, "Huyu ananiharibia kazi. Mimi nawasha, yeye anazima."

Chuoni aliingia mwaka 1978 kama mfagizi, na Januari 1983 akapewa ulezi wa Bweni la Pili, lenye ghorofa nne. Kilichomkera ni taa kuwaka mchana kutwa na feni kuzunguka katika vyumba vitupu. Mkuu wa mabweni akamwambia, "Mama, hawa wasomi hawaambiliki." Akajibu, "Nipe muhula mmoja. Nikishindwa, nirudishe kwenye ufagio."

Kila Jumatatu alisoma mita na kuandika tarakimu mlangoni kwa chaki, kila mtu azione. Walimcheka, wakafuta. Akaandika upya. Asubuhi moja alimsalimu mwanafunzi ngazini, "U mzima?" Kijana, aliyezoea kuulizwa habari za taa, akajibu mbio, "Nimezima!" Mama hakubisha. Alipanda hadi ghorofa ya nne na mimba ya miezi saba ya kitindamimba wake, anayewasomea haya, kisha akashuka akihema. "Mwongo mkubwa wewe! Feni yako inajipepea yenyewe."

Ngazi nzima iliangua kicheko, na hiyo ndiyo ikawa salamu ya bweni. Muhula ulipoisha, umeme uliotumika ulikuwa nusu ya ule wa muhula uliotangulia. Ufagio haukumwona tena. Alipostaafu Desemba 2013, mabweni yote matano yalikuwa na chaki mlangoni.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Alasiri ya Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, daktari wa zamu, aliyewahi kukaa Bweni la Pili, alimwinamia akamuuliza, "Mama, u mzima?"

Akafungua jicho moja. "Mimi mzima. Nyie mmezima?"

Alifariki saa kumi na mbili jioni. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na wanafunzi wasiohesabika. Karatasi hii ni moja kwa watu wanne, kama alivyoagiza; ukimaliza, mpe jirani yako.

Tuliporudi kutoka hospitali, baba alizunguka nyumba nzima, chumba kwa chumba, akabakiza taa moja tu, ya sebuleni tulikokaa.

Tumezima, mama. Pumzika kwa amani.