Injini ya Koasta Ndani ya Landkruza ya Zahanati

Mheshimiwa Diwani; Sista Apolonia, mganga mfawidhi wa zahanati yetu; Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji; Ndugu Maganga, fundi mkuu wa gereji yetu unayestaafu leo ukiwa na meno mengi kuliko mimi; ndugu wageni waalikwa; na nyinyi mlioacha maduara yenu ya dhahabu mkafuata harufu ya pilau: mwangaluka! Najua asubuhi imeshapita. Itikieni tu, salamu haiozi.

Mimi ni Mageni, ila hapa Segese mnaniita Mzee Koasta. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne nalo nililirudia kwa kulipenda. Nimepewa dakika tano nimsifu Maganga. Nitamsifu kwa moja, nne zilizobaki ni zangu.

Maganga, kwa miaka thelathini na moja umetengeneza magari ya wenye dhahabu na ya wenye vumbi tu, umemfundisha kazi kila aliyetaka, na hujamwibia mtu hata nati. Spana zangu mbili ulizoazima ni suala lingine. Dakika yako imekwisha, kaa.

Sasa, ndugu zangu, mnajua Koasta yangu ilivyopinduka kule Tinde. Bodi ikawa chapati, lakini injini, ambayo nilikuwa nimetoka kuiundisha upya, pistoni mpya, beringi mpya, ikatoka nzima bila mkwaruzo. Na mnajua Landkruza ya zahanati ilivyokaa miezi minane imekufa injini, wajawazito wetu wakipelekwa Kahama kwa bodaboda. Sista akaja kwangu. "Baba Davis," akasema, "injini yako imelala, gari langu limelala. Huoni tuwafungishe ndoa?" Sista mzima anapanga ndoa! Ningekataaje?

Lakini mimi ni Msukuma. Injini sikuigawa, niliitoa kama tunavyompa rafiki ng'ombe amtunze: maziwa ni yako, ng'ombe ni wangu. Na kwa kuwa injini haina sikio la kukata alama, nikaapa moyoni kwamba lazima nibaki na kitu chake.

Kazi akapewa Esta, mwanafunzi wa Maganga, huyo binti aliyekaa nyuma akijifanya hajui nani anasemwa. Maganga alitangaza mbele ya gereji yote: "Ukiipandisha ikalia, siku nikistaafu ufunguo wa gereji ni wako." Mimi nikamtania kutwa nzima. "Ng'wana wane, mwanangu, hii siyo mboga, ukikosea huongezi maji." Naye akanijibu kutoka chini ya gari, "Shikamoo babu. Sogeza mguu, umekanyaga maunti ya injini."

Injini hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja, ila chini zinatofautiana. Sampo ya Koasta, yaani lile bakuli la oili, haikai kwenye Landkruza, inagonga ekseli. Kwa hiyo Esta alifungua sampo zote mbili, na bomba la kunyonya oili la kila moja, akavipanga chini ili kwenye injini yangu afunge vya Landkruza. Akaenda kunywa chai. Mimi nikaona mabomba mawili yanafanana kama mapacha. Nikasema, hapa moja limezidi. Nikalifunga kwenye shati, nikaenda kulitundika ukutani kwangu pamoja na kamba za ng'ombe niliowatoa kwa marafiki. Ndiyo alama yangu! Esta aliporudi akakuta moja, akadhani lile la Koasta limetupwa kwenye vyuma chakavu.

Mnajua nilichukua lipi? La Landkruza.

Injini ikawashwa mbele ya Mheshimiwa Diwani. Ikalia! Vigelegele vikapigwa! Lakini macho ya Esta yalikuwa kwenye geji ya oili, na geji haikupanda. Akazima pale pale, makofi hayajaisha. Bomba halikufika kwenye oili, lilikuwa linanyonya hewa. Angengoja kidogo tu, beringi zangu zingekuwa unga. Nani aliyasifu macho yale? Hakuna. Maganga akatupa kofia chini: "Nimeaibika uzeeni! Ufunguo atapewa fundi wa Nyasubi, kule Kahama mjini!"

Esta akachungulia chini, akasema, "Bomba hili siyo la sampo hii." Nikasema nina ng'ombe wa kunywesha, nikaondoka. Siku mbili nilijifungia ndani, mtu mzima wa miaka sabini na tatu, namwogopa binti mwenye spana.

Siku ya tatu akaja. Mama Davis akamkaribisha uji. Akanywa, akainua macho ukutani.

"Babu, hizi kamba ni za ng'ombe wangapi?"

"Tisa."

"Na hili bomba ni la ng'ombe yupi?"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nikamsihi Esta asiniaibishe. Hakuniaibisha. Alilifunga bomba, geji ikapanda, na gari lile limeshapeleka Kahama akina mama kumi na mmoja, wote wamerudi na watoto wao. Alipoulizwa kasoro ilikuwa nini, alijibu, "Nimeirekebisha," basi. Ndiyo maana mpaka leo mnadhani alikosea yeye.

Hakukosea. Nilikosea mimi, nikanyamaza mimi. Ah! Ndugu zangu, nimetua gunia. Leo nitalala kama mtoto aliyeshiba. Chekeni, chekeni, nimestahili.

Maganga, kofia ile ilitakiwa inipige mimi. Mtu anayesoma geji wakati wenzake wote wanapiga makofi, unamfuata Nyasubi wa nini? Na wewe Sista, usitabasamu hivyo. Injini bado ni yangu.

Nilikuwa na mengine, lakini namwona Maganga amesimama, anapapasa mfuko wa suruali, na mlio wa ufunguo ule naufahamu. Esta, futa mikono mama, njoo mbele. Wabeja sana, asanteni nyote kwa kuniazima masikio.